Kibaba na Makao ya Angani: Historia ya Hesabu ya Chakula cha Safari na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Katika kazi ya kuunda istilahi ipo desturi moja ambayo imetuzoesha vibaya. Kila linapozuka tawi jipya la sayansi, sisi tunaoandaa orodha huketi mezani, tukaandika maneno ya Kiingereza katika safu ya kushoto, kisha tukatafuta la kuweka katika safu ya kulia. Kazi hiyo ina manufaa yake, wala hatukusudii kuibeza. Lakini ina kasoro: humfanya mwundaji istilahi aamini kwamba dhana yenyewe imezaliwa katika safu ya kushoto, na kwamba Kiswahili hakina la kusema mpaka kipewe.

Makala haya yanachunguza dhana moja inayodhaniwa kuwa ngeni kupita zote, nayo ni hesabu ya kupanga kilimo cha mazao katika makao ya angani, yaani nyumba iliyofungwa pande zote ambamo watu wataishi Mwezini au katika safari ya kwenda sayari ya Mirihi, wakila wanachopanda wenyewe. Tulipoanza kuandaa istilahi za tawi hili tulikuwa na hakika kwamba tungelazimika kukopa karibu kila neno. Tulibadili mawazo yetu tukiwa Itungi.

Itungi ni bandari katika Wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nyuma yake kuna bonde lenye mvua nyingi, linalopokea mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka milimani, na ndilo linalotoa mchele wa Kyela unaosifiwa kwa harufu yake nchi nzima. Tulifika huko kukusanya maneno ya kilimo cha mpunga. Jioni moja tulimwuliza mama mmoja mkulima, aliyetuita wanangu, shamba lake lina ukubwa gani. Hakujibu kwa ekari. Alianza kwa kuhesabu watu wanaokula nyumbani kwake. Akahesabu madebe wanayoyamaliza kwa mwezi, akaongeza mbegu ya mwaka ujao, akaongeza fungu la kuuza kwa ajili ya sare na daftari za watoto, kisha akaongeza kidogo kwa ajili ya mwaka ambao mto utafurika. Baada ya hayo yote ndipo alipotuonyesha kwa mkono mahali jembe lake linapopaswa kufika.

Mwanasayansi anayepanga shamba la angani hufuata mpangilio huo huo: huanzia mdomoni, akaishia shambani. Hoja yetu basi ni kwamba hesabu hii ina historia ndefu katika lugha yetu, na kwamba istilahi zake yafaa zianzie hapo. Tutaonyesha pia kwamba historia hiyo ina doa, na doa lenyewe lina fundisho kwa mwundaji istilahi.

VIPIMO VYA KALE

Kabla ya kilo kuenea, wafanyabiashara wa pwani walipima nafaka kwa vipimo vilivyopangwa kwa ngazi. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Mizigo ya uzito, kama vile pembe na karafuu, ilipimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Kibaba cha nafaka kilikuwa kama ratili moja na nusu, au tuseme gramu 680.

Msomaji anakijua kibaba kutokana na methali ya haba na haba. Lakini kibaba hakikuwa kipimo cha sokoni tu. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kibaba cha nafaka kilikuwa ndicho chakula cha mpagazi mmoja kwa siku moja. Fungu hilo liliitwa posho. Kwa hiyo kibaba kiliunganisha mambo matatu: kiasi cha nafaka, mtu mmoja na siku moja. Wanahesabu wa leo wakitaka kupanga chakula cha wasafiri wa angani, huanza kwa kutafuta kizio cha namna hiyo hiyo.

Baadaye zilikuja debe na gunia, na pamoja nazo likaja neno lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Sheria za vipimo zimelikataza, lakini neno lingali hai kwa sababu jambo lenyewe lingali hai. Tunalitaja hapa kwa makusudi, maana lumbesa hutukumbusha kwamba kipimo kisichofungwa vizuri humnufaisha yule anayekishika.

HESABU YA MSAFARA

Tufanye hesabu ambayo kila kiongozi wa msafara aliijua. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Tuseme mzigo wote ni nafaka, na kwamba anakula ratili moja na nusu kila siku. Sabini ukigawanya kwa moja na nusu unapata 46 na ziada kidogo. Yaani baada ya siku 46 mpagazi atakuwa amekula karibu mzigo wake wote. Ikiwa ni lazima arudi alikotoka kwa chakula hicho hicho, hawezi kwenda mbali zaidi ya mwendo wa siku 23, naye atakuwa hakufikisha hata punje moja. Ndiyo maana misafara haikubeba chakula cha njia nzima. Ilinunua kwa wakulima wa njiani, na watu wa Unyamwezi na Ugogo walilima ziada wakijua kwamba msafara utapita.

Hesabu hii ilifika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa sura mbaya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mto Songwe kutoka Nyasaland na kuiteka Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Vyakula na risasi vilipitishwa ziwani kwa meli mpaka ufuko wa kaskazini, na kutoka hapo vikabebwa vichwani kupanda milima. Wapagazi wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo wapagazi walivyokula sehemu kubwa zaidi ya walichobeba, na ndivyo walivyohitajika wengine zaidi wa kuwabebea hao waliobeba. Njia ya kununua nayo ilifungwa, kwa kuwa vijiji vilikuwa vimekwisha kunyang'anywa nafaka na vijana wake. Katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na lishe mbaya. Huko Ugogo, kunyang'anywa nafaka na mifugo kulikutana na ukame, kukazaa njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo wenyeji waliiita Mtunya.

Hili ndilo doa tulilolitaja. Kugawanya kulikuwa sahihi, lakini katika daftari la jeshi mpagazi aliandikwa kama chombo kinachotumia nafaka, na kibaba chake kikapunguzwa kila hesabu ilipokataa kutimia. Wasomaji wa istilahi za sayansi wasidhani kwamba neno kama posho ni neno pole. Lina kaburi nyuma yake.

KUTOKA KUBEBA HADI KULIMA

Roketi ina shida ile ile ya mpagazi. Katika kituo cha kimataifa cha angani mtu mmoja huhesabiwa chakula cha kama kilo 1.8 kwa siku, pamoja na vifungashio. Safari ya kwenda Mirihi na kurudi yaweza kuchukua karibu siku 1,000. Kwa watu wanne hiyo ni kilo 7,200, na njiani hapana kijiji cha kununua ziada. Jibu lililobaki ni kulima ndani ya chombo.

Wazo hili ni la zamani kuliko safari za angani zenyewe. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa hesabu katika mji wa Kaluga nchini Urusi, aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba wasafiri wa angani watahitaji mimea ya kuwapa chakula na kusafisha hewa. Majaribio makubwa yalikuja baadaye. Huko Krasnoyarsk, Siberia, ilijengwa nyumba iliyofungwa yenye ujazo wa mita 315 za mraba-tatu, ikaitwa BIOS-3. Kuanzia mwisho wa 1972 mpaka katikati ya 1973, watu watatu watatu waliishi humo kwa muda wa siku 180, wakivuta hewa iliyosafishwa na mimea na kula ngano na mboga walizozipanda chini ya taa.

Katika BIOS-3 kulikuwa na mmea ambao utamshangaza mkulima wa Kyela. Ili kupata mafuta, wanasayansi walipanda aina ya ndago yenye viazi vidogo vya kuliwa. Magugu ambayo mkulima wetu huinama siku nzima kuyang'oa yalitunzwa kule kama mtoto wa pekee, kwa sababu hesabu ilionyesha kwamba yanatoa mafuta katika eneo dogo. Basi neno gugu si jina la mmea fulani, bali ni hukumu inayotokana na mpango wa shamba.

Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Bruce Bugbee na Frank Salisbury walitangaza mwaka 1988 kwamba ngano iliyopewa maji, mbolea na hewa bila upungufu, chini ya taa zilizowaka saa 20 kwa siku, iliweza kutoa hadi gramu 60 za nafaka kwa siku kwa kila mita ya mraba. Tangu miaka hiyo ya 1980 Chuo cha Tuskegee nacho kilichunguza viazi vitamu kwa ajili ya angani. Kisha, kutoka Septemba 1991 hadi Septemba 1993, watu wanane walifungiwa katika jengo la vioo liitwalo Biosphere 2 huko Arizona. Walilima kama nusu ekari ya mpunga, migomba, mipapai, viazi vitamu na karanga, mazao ambayo mtu wa Kyela angeyatambua moja kwa moja. Walipata sehemu kubwa ya chakula chao, ingawa walikonda.

Kilichowashinda ni hewa. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi chini ya 15, ikabidi mwezi Januari 1993 iingizwe nyingine kutoka nje. Vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi vilikuwa vikiitumia, na hewa ya ukaa iliyotoka ikanywewa na saruji ya kuta, isiirudie mimea. Watu walikuwa wamehesabu midomo yote isipokuwa ile isiyoonekana.

HESABU YENYEWE

Tuchukue kibaba chetu cha gramu 680 tukipime mahali pawili.

Kwanza Kyela. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba hekta moja inatoa tani 2 za mpunga kwa mwaka, na kwamba baada ya kukoboa hubaki kilo 1,300 za mchele. Hiyo ni gramu 130 kwa mita ya mraba kwa mwaka mzima. Mtu mmoja kwa kibaba kimoja kila siku hula kilo 248 kwa mwaka. Atahitaji basi mita za mraba 1,909, ambazo ni karibu nusu ekari.

Pili, shamba la taa. Kwa kiwango cha juu cha Utah, 680 gawanya kwa 60 ni mita za mraba 11.3 tu. Tofauti ni ya karibu mara 170. Lakini tusidanganyike. Taa zile zilitoa kwa siku mwanga unaozidi mara mbili ule wa jua la siku nzima. Mkulima wa Itungi hupewa jua bure, ilhali msafiri wa angani hulipa kila mwale kwa umeme.

Mpangaji mwenye busara hategemei kiwango cha juu. Atachukua nusu yake, gramu 30. Kwa watu wanne wanaohitaji gramu 2,720 kwa siku, atatenga mita za mraba 90.7. Sasa ngano huchukua kama siku 80 kukomaa. Akiipanda yote siku moja, atangoja siku 80 kwa njaa, kisha atavuna kilo 217 kwa mara moja. Kwa hiyo hugawa eneo katika vitalu 20 vya mita za mraba 4.53 kila kimoja, akapanda kitalu kimoja kila baada ya siku 4. Mzunguko ukishakamilika, kila siku ya nne huvunwa kitalu kimoja, nacho hutoa gramu 10,880 hivi, yaani chakula cha siku nne kamili. Kitalu kinachovunwa hupandwa tena siku hiyo hiyo.

Jambo hili halina jina katika orodha zetu, lakini mfano wake ume mbele ya nyumba nyingi za Kyela. Mpunga huvunwa kwa msimu, bali migomba iliyozunguka nyumba hupokezana: mmoja umezaa, mwingine wachanua, wa tatu ni chipukizi. Nyumba yenye migomba hailali njaa ikingoja msimu. Tunapendekeza upangaji huo uitwe upanzi wa zamu, kwa kuwa zamu ni neno ambalo kila mwanafunzi aliyefagia darasa analielewa. Usichanganywe na kilimo cha kubadilisha mazao, ambacho hutunza rutuba ya udongo.

HESABU YA MCHANGANYIKO

Binadamu haishi kwa nafaka peke yake. Anahitaji protini, mafuta na vitamini. Kila zao hutoa haya kwa viwango tofauti, na kila zao hudai eneo, maji, mwanga na saa za kazi. Swali huwa hili: tuchague mazao gani, kila moja eneo gani, ili mahitaji yote yatimizwe kwa gharama ndogo kabisa?

Swali hili lilipata njia yake ya kihesabu katika karne ya 20. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Leningrad alichapisha njia ya kupanga uzalishaji viwandani chini ya mipaka ya vifaa. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alitafuta mlo wa bei ndogo kabisa katika vyakula 77, akakadiria dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939. George Dantzig alipobuni njia yake ya kutatua matatizo ya aina hii mwaka 1947, makarani tisa walilifanyia kazi swali la Stigler kwa mashine za kukokotoa, wakatumia jumla ya siku-kazi kama 120. Jibu lao lilikuwa dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu.

Mlo wa Stigler ulikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, mchicha na maharage makavu. Ulitimiza masharti yote yaliyoandikwa, lakini hapana mtu ambaye angekubali kuula mwaka mzima. Sharti la ladha na heshima ya mlaji halikuandikwa, na hesabu haiheshimu kisichoandikwa. Hapa msafara wa 1916, oksijeni ya Arizona na mlo wa Stigler vinakutana. Kila mara hesabu ilijibu kwa uaminifu swali lililoulizwa, na kosa lilikuwa katika swali. Na swali, ndugu msomaji, huundwa kwa maneno.

ISTILAHI TUNAZOPENDEKEZA

Kwa misingi hiyo tunaleta mapendekezo yafuatayo:

(a) Kibaba: chakula chote cha mtu mmoja kwa siku moja, kinachotajwa kwa gramu na kilokalori. Tulifikiria posho, lakini neno hilo leo nchini kwetu humaanisha fedha za mkutano au safari, na nchini Uganda humaanisha ugali. Istilahi yenye maana tatu ni lumbesa. Kibaba kimeachwa na soko, hivyo kinaweza kufungwa upya bila kugombana na mtu.

(b) Mavuno ya siku: uzito wa sehemu iliwayo kwa mita moja ya mraba, ukigawanywa kwa siku kutoka kupanda hadi kuvuna. Mazao libaki kuwa jina la mimea yenyewe.

(c) Upanzi wa zamu: kupanda vitalu kwa kupokezana ili mavuno yasikatike.

(d) Sharti na lengo: sharti ni mpaka ambao mpango hauruhusiwi kuuvuka. Lengo ni kile kinachopunguzwa au kuongezwa mpaka kikomo. Njia yenyewe iitwe upangaji mstari, ikiandamana na mlinganyo mstari unaojulikana tayari.

(e) Akiba: ziada inayotengwa kwa ajili ya kitalu kitakachokufa au mto utakaofurika. Akiba iandikwe kama sharti, isiachwe kuwa hiari.

(f) Makao fungwa: makao ambamo hewa, maji na taka hurudi katika mzunguko bila kutoka nje.

HITIMISHO

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Neno letu lilifika angani siku ile, lakini lilifika kama jina tu, na hesabu iliyolipeleka iliandikwa kwa lugha nyingine. Hatuoni sababu ya hali hiyo kuendelea. Yule mama wa Itungi ana mpangilio wote wa hesabu hii, tangu midomo hadi akiba. Kazi iliyobaki kwetu ni kufunga maneno yake kwa kipimo ambacho hapana atakayeweza kukishonea kilemba.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa hesabu na mabwana na mabibi shamba, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, na zaidi ya yote watuletee maneno ambayo wakulima wa sehemu zao huyatumia wanapohesabu chakula cha mwaka. Nasi tutayaweka katika safu ya kushoto.